Gitaa Letu na Fundi: Namna ya Kudai Haki kwa Rula na Karatasi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jinsi Chama cha Muziki kilivyopata kutengenezewa gitaa lake mara ya pili bila kulipa tena, na bila kugombana na fundi. Nimekubali kwa furaha, maana jambo hili si la wapiga gitaa peke yao. Hakuna mwanafunzi wa bweni ambaye hajapeleka kitu kwa fundi: kiatu, saa, baiskeli, pasi, au sanduku lililovunjika bawaba. Tena hakuna mzazi ambaye hajapata kurudishiwa kitu kikiwa na kilema kile kile, au kilema kipya. Wengi hunyamaza na kusema, "Ndivyo mafundi walivyo." Wengine hupiga kelele mbele ya watu, kisha wakarudi nyumbani na hasira yao tu. Mimi nataka kuonyesha kuwa iko njia nyingine, nayo si ngumu. Lakini kwanza sina budi kueleza gitaa lenyewe, kwa sababu asiyejua kitu chake kinavyofanya kazi hawezi kumwambia fundi alipokosea.

GITAA LINAVYOFANYA KAZI

Gitaa letu ni la aina ya kale, lenye nyuzi sita za nailoni, lisilotumia umeme. Umbo lake lilikamilishwa na fundi wa Hispania aitwaye Antonio de Torres, aliyeishi toka mwaka 1817 mpaka 1892, na mafundi wa dunia nzima bado wanafuata vipimo vyake. Zamani nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa mnyama. Zile za nailoni zilianza kutumika katika miaka ya 1940. Huku kwetu Afrika gitaa lisilo la umeme limeheshimika siku nyingi. Wazee wengi wanamkumbuka Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye mwaka 1952 alirekodiwa na Hugh Tracey akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa lake peke yake, hata ungedhani wapigaji ni wawili.

Nyuzi hutoka kichwani mwa gitaa, zikapita juu ya kijiti cheupe mwanzoni mwa shingo, zikafuata shingo yote, na mwisho zikafungwa kwenye kipande cha mbao kilichobandikwa tumboni. Kipande hicho huitwa daraja. Juu ya daraja kuna kijipande chembamba cha mfupa au plastiki, na hapo ndipo uzi unapopumzika. Shingoni kuna vyuma vyembamba vilivyopandwa kwa kukatisha, ambavyo wapigaji huviita freti. Ukibana uzi nyuma ya freti unaufupisha, na sauti inapanda.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa barabara huvuta daraja kwa nguvu ya karibu kilo 40. Hiyo ni sawa na uzito wa madebe mawili ya maji, yanayoning'inia mchana na usiku kwenye ubao ambao unene wake ni milimita 2 au 3 tu! Kinachozuia daraja lisiruke ni gundi peke yake. Kwa hiyo gundi ya daraja yapasa iwe nzuri, nayo ishike mbao kwa mbao. Ikipakwa juu ya vanishi, basi haikushika mbao, bali imeshika ngozi nyembamba itakayobanduka siku moja. Joto kali nalo ni adui, kwa kuwa hulainisha gundi. Gitaa halifai kuwekwa chini ya bati kwenye jua, wala ndani ya gari lililofungwa.

Gitaa letu lilipatwa na ajali hiyo wakati wa likizo. Tuliporudi tulikuta daraja limeng'oka lote, nyuzi zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Mahafali ya Kidato cha Nne yalikuwa yamebaki wiki tano, na kwaya ilikuwa imekwisha kuchagua nyimbo tatu za kuimba kwa gitaa. Wanachama 14 tulichanga Sh. 2,500 kila mmoja, zikapatikana Sh. 35,000. Kwa mwanafunzi wa bweni hizo si fedha za kuchezea. Wapo miongoni mwetu waliokaa bila sabuni ya kufulia mpaka siku ya kutembelewa.

KAZI YA KWANZA

Mweka hazina wetu alikwenda mjini pamoja na Mwalimu wa muziki kwa fundi mmoja seremala ambaye hutengeneza pia vyombo vya muziki. Nataka mwangalie alivyofanya mweka hazina, maana ndicho kilichotuokoa baadaye. Fundi alipoandika stakabadhi, aliandika "Gitaa – 35,000/=" basi. Mweka hazina akasema kwa adabu, "Samahani, Bwana Fundi, tafadhali utuandikie na kazi itakayofanywa." Fundi akacheka, lakini akaongeza: "Kubandika daraja mahali pake." Akatia tarehe na sahihi.

Wiki moja baadaye gitaa lilirudi likiwa limeng'arishwa vizuri. Jioni ile tulikaza nyuzi tukaanza kuimba. Mwanzo wa wimbo ulikuwa mzuri, lakini mpigaji alipopanda juu shingoni, kwaya ikawa kama inaimba wimbo mmoja na gitaa linapiga mwingine. Tukakaza nyuzi upya. Zikapatana juu, zikaharibika chini. Tukalegeza. Zikapatana chini, zikaharibika juu. Baadhi ya wenzetu wakaanza kulaumu waimbaji wa sauti ya pili, jambo ambalo halikuwa haki.

KULITAFUTA KOSA

Mwalimu wetu wa Fizikia ndiye aliyetuonyesha la kufanya. Uzi unapofupishwa ukawa nusu, mitetemo yake kwa sekunde huwa mara mbili, na sauti hupanda oktava moja kamili. Uzi wa tano wa gitaa, ukiachwa wazi, hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukibanwa freti ya 12 yapasa utoe mitetemo 220. Kwa sababu hiyo freti ya 12 haina budi kuwa katikati ya safari ya uzi. Kutoka kijiti cha juu mpaka freti ya 12 ni umbali fulani. Kutoka freti ya 12 mpaka mfupa wa daraja ni umbali ule ule, na milimita 1 au 2 zaidi, kwa kuwa kidole kinapobana uzi huukaza kidogo na kupandisha sauti.

Tulichukua rula ya chuma tukapima. Kutoka juu mpaka freti ya 12 tulipata milimita 325. Kutoka freti ya 12 mpaka mfupa tulipata milimita 333. Tulipima mara tatu, watu watatu mbalimbali, kila mmoja akaandika kipimo chake bila kuwaonyesha wengine. Wote tulipata vile vile. Daraja lilikuwa limerudi nyuma kama milimita 6 kupita ilivyotakiwa.

Milimita 6 ni upana wa penseli tu, lakini tazameni matokeo yake. Tulipiga hesabu tukaona kuwa uzi wa tano kwenye freti ya 12 ungetoa mitetemo kama 218 mahali pa 220. Anayeimba sauti sahihi akishindana na gitaa hilo, masikio husikia mawimbi mawili kila sekunde, sauti ikivimba na kupungua. Hapo tukaelewa kwa nini kukaza na kulegeza hakukusaidia. Kukaza nyuzi husahihisha sauti ya uzi ulio wazi; hakuwezi kusogeza freti wala daraja.

Yalikuwako mashahidi wengine wawili. Mbele ya daraja ulionekana mstari mweupe wa mbao isiyo na vanishi, upana wake milimita 6: hapo ndipo daraja lilipokuwa limekaa toka gitaa lilipoundwa. Na nyuma ya daraja, kipande cha karatasi ya daftari kiliingia chini yake bila shida. Maana yake ni kwamba sehemu ile ya nyuma ilibandikwa juu ya vanishi, na ilikuwa imeanza kuachia.

Mwenzetu mmoja mwenye mikono hodari alitaka kuling'oa daraja usiku ule ule, alibandike mwenyewe kwa gundi ya papo hapo. Mwalimu wa muziki akamkataza, na sababu yake ni ya kukumbukwa. Ukikigusa kitu chenye kosa kabla fundi hajakiona, unamwondolea fundi kosa lake na kulichukua liwe lako. Tulilegeza nyuzi ili kupunguza mvuto, tukaliweka gitaa ofisini, tusiliguse tena.

KUMKABILI FUNDI

Tulikaa kikao kabla ya kwenda. Wengine walitaka twende wote 14. Mimi na mweka hazina tulikataa, kwa sababu watu 14 mlangoni si wateja tena, ni maandamano, na fundi yeyote mbele ya majirani zake atajitetea hata kama anajua amekosa. Iliamuliwa twende watatu: Mwalimu, mweka hazina, na mimi niliyekuwa na vipimo.

Kwenda na mtu mzima si adabu tu. Kwa sheria ya nchi yetu mtu anakuwa mtu mzima akitimiza miaka 18, na makubaliano yaliyofanywa na aliye chini ya hapo hayana nguvu ya mkataba. Mimi nina miaka 17. Basi kila kazi kubwa ya fundi, na kila madai, yafaa yafanywe na mzazi, mlezi au mwalimu, nasi tuwe pamoja naye kueleza.

Tuliandika barua fupi, nakala mbili. Ilisema mambo manne tu: tarehe tuliyopeleka gitaa na fedha tuliyolipa, kazi iliyoandikwa kwenye stakabadhi, makosa mawili tuliyoyaona, pamoja na vipimo, na tunachoomba, yaani daraja libandikwe upya mahali pake bila malipo, na gitaa lirudi kabla ya siku 10. Hatukuandika neno la kumtukana, wala hatukuandika kwamba sisi ni maskini. Mwenye haki hana haja ya kulia, na mwenye vipimo hana haja ya kutukana.

Tulimkuta fundi kivulini mbele ya karakana yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Gitaa linaimbaje?" Mwalimu akanipa nafasi ya kusema.

Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nyuzi zetu ni mbovu, tununue mpya. Nilimjibu, "Huenda, Mzee. Lakini naomba tupime kwanza, maana rula haijui nyuzi nzuri wala mbaya." Nikampa rula apime mwenyewe. Naona hilo lilifaa kuliko maneno yote. Kama ningalipima mimi, angalibishana nami. Alipopima yeye, hakuwa na wa kubishana naye. Alipima, akautazama ule mstari mweupe, akapitisha ukucha chini ya daraja, akanyamaza.

Kisha akasema neno la pili, kwamba chini ya stakabadhi yake imepigwa chapa, "Mali ikishatoka hairudishwi." Mwalimu akajibu kwa upole, "Bwana Fundi, sisi hatukununua mali kwako. Gitaa lilikuwa letu kabla, na ni letu sasa. Tulinunua kazi, na kazi yenyewe umeiandika kwa mkono wako: kubandika daraja mahali pake. Je, hapa ndipo mahali pake?" Fundi akasoma maandishi yake mwenyewe, akakubali kuwa sipo.

Hapo likatokea jambo ambalo hatukulifikiri katika kikao chetu. Fundi aligeuka akamwita kijana wake wa kazi, ambaye umri wake hauzidi wangu, akamwambia mbele yetu, "Unaona? Hasara hii nitaikata kwenye posho yako." Kijana aliinamisha kichwa. Niliona haya, maana tulikuja kudai haki yetu, na sasa haki ile ilikuwa inataka kulipwa na mtu ambaye hatukumkabidhi kitu, wala hakupokea shilingi yetu. Mweka hazina alinitazama, nami nikamtazama Mwalimu.

Mwalimu akasema, "Bwana Fundi, stakabadhi ni yako na fedha ulipokea wewe. Sisi madai yetu yako kwako, na kwako yanaishia. Huyu ni mwanafunzi kama hawa wangu. Wakikosea hesabu darasani, huwakati chakula, huwarudisha ubaoni." Fundi hakuahidi lolote juu ya posho ile. Alisema tu, "Haya, Mwalimu, nimesikia." Siwezi kudai zaidi ya hayo. Lakini nadhani yafaa tujue kwamba madai, hata yakiwa ya haki, yana uzito, na mara nyingine humwangukia aliye chini kabisa. Ndiyo sababu nyingine ya kutoa madai kwa mwenye karakana, kwa kipimo, bila kutia chumvi.

Mwisho fundi alitupa njia mbili: aturudishie nusu ya fedha tuondoke na gitaa lilivyo, au atengeneze upya bila malipo. Nusu ya fedha iliyo mkononi huvutia. Lakini fundi mwingine angetutoza labda zaidi ya Sh. 17,500, tena angeweza kusema kuwa ubao uliharibiwa na mwenzake. Na ni uungwana kumpa aliyekosea nafasi ya kwanza ya kusahihisha. Tukachagua njia ya pili, tukataja tarehe, akaiandika kwenye nakala zote mbili za barua na kutia sahihi. Moja akabaki nayo, nyingine tukarudi nayo.

KAZI YA PILI

Mwalimu alitupeleka tutazame, nami naeleza kwa faida ya wale wapendao ufundi. Daraja lilipashwa joto taratibu mpaka gundi ikalainika, likainuliwa kwa kisu chembamba kisichochubua mbao. Gundi ya zamani ikakwanguliwa yote, na pale palipo na alama ya zamani pakasafishwa mpaka mbao ikaonekana. Daraja likawekwa kavu kwanza, bila gundi, likapimwa kutoka freti ya 12 upande wa uzi wa kwanza na upande wa uzi wa sita. Ndipo gundi ya mbao ikapakwa, vibanio vikakazwa, na likaachwa siku nzima bila kuguswa wala kufungwa nyuzi. Aliyeshika rula alikuwa yule kijana. Fundi alisimama nyuma yake akimwambia, "Pima tena." Alipima mara nne.

Gitaa lilirudi siku iliyoandikwa. Tulipima: milimita 325 na 327. Karatasi haikuingia tena chini ya daraja. Lakini nyuma yake limebaki kovu la milimita kadhaa pale vanishi ilipokwanguliwa, nasi tulikubali kovu hilo. Tulichodai ni sauti iliyo sawa na daraja lililoshika, navyo tumevipata. Kudai na sura ya upya kwenye gitaa la zamani kungekuwa kuivuka haki yetu. Siku ya mahafali nyimbo zote tatu ziliimbwa, na hakuna mzazi aliyeuliza habari ya kovu.

KAMA FUNDI ANGEKATAA

Wengi wameniuliza swali hili. Kwanza tungempelekea barua ya pili yenye tarehe ya mwisho. Pili, Mwalimu angekwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ilipo karakana, ili awakalishe pamoja. Mafundi wengi wanajali jina lao mtaani kuliko wanavyojali fedha. Tatu iko Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai madogo ya namna hii. Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kwa uangalifu, kama vile mtu mwenye busara angeitunza mali yake mwenyewe. Lakini kabla ya kufika huko yapasa kupima: nauli, siku za masomo zitakazopotea, na ukubwa wa hasara. Kwa Sh. 35,000 huenda barua na mwenyekiti wa mtaa vikatosha.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, mkipeleka kitu kwa fundi hakikisheni kazi imeandikwa kwa maneno, si bei peke yake. Kikirudi, kijaribuni siku ile ile, msingoje mwezi. Mkiona kosa, lipimeni, liandikeni, na msikiguse kitu. Nendeni wachache, pamoja na mtu mzima, mkaseme mnachotaka na lini mnakitaka. Na nanyi wazazi wetu, mtakapotutuma kwa fundi na fedha zenu, mtutume na kalamu pia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Muziki.